Kifua Safi

Mgonjwa wa kitanda namba kumi na moja alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mikono minene na aibu ya kufunguliwa blauzi mbele za watu. Aliletwa juzi yake akitapika na kuharisha, macho yamedidimia, midomo imekauka. Chupa kadhaa za dripu zilikuwa zimemrudisha duniani, na nyingine ilikuwa inaning'inia juu ya kichwa chake, imejaa. Wanafunzi saba wa udaktari walikizunguka kitanda. Mbele yao alisimama Bibi Sikio.

Jina hilo alipewa na wanafunzi zamani, nao wakalirithishana mwaka hadi mwaka, kwa sababu alikuwa akisikia kifuani mwa mtu jambo ambalo mashine ilikuja kulithibitisha siku tatu baadaye. Alikuwa amebakiza miezi saba kustaafu. Hakuna aliyewahi kumwona akianza na faili kabla ya kushika mkono wa mgonjwa na kumuuliza amelalaje. Wala hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwake bila kulia walau mara moja.

"Msiniletee makaratasi ya maabara," aliwaambia. "Nileteeni mtu. Mtazame, mguse, mgonge, msikilize. Anayeruka hatua akatafute kazi ya kukata tiketi."

Wanafunzi walicheka, kile kicheko cha kujikinga. Bibi Sikio akaushika mkono wa mpishi, akamuuliza, "Umelalaje, mama?"

Mpishi aligeuza uso upande wa dirisha kwa haya. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuweza kulala chali, kila akijaribu pumzi zilimkata, kwa hiyo alikesha ameketi.

"Vizuri," alisema Bibi Sikio. "Vizuri sana."

Wanafunzi wawili walitazamana.

Akamteua aliyejificha nyuma kabisa, binti mwembamba ambaye wenzake walimwita Kimya. Kimya aliweka kipimo chake cha kusikilizia mgongoni mwa mpishi, akasikiliza juu, akashuka, akasikiliza chini, akarudia. Alichukua muda mrefu mpaka wenzake wakaanza kubadilisha miguu.

"Enhe? Tuletewe chai?" aliuliza Bibi Sikio.

"Mwalimu, nasikia mikwaruzo. Chini kabisa, pande zote mbili."

"Paza sauti. Mikwaruzo ya namna gani?"

"Myembamba. Kama ulivyotufundisha. Kama nywele zikisuguliwa karibu na sikio." Kimya alishusha kipimo shingoni. "Nafikiri maji yameanza kujaa mapafuni. Labda moyo wake ulikuwa na tatizo tangu zamani. Nafikiri dripu ingesimamishwa."

Bibi Sikio alivaa kipimo chake mwenyewe. Akamwambia mpishi avute pumzi, akasikiliza pale pale. Alisikia pumzi ikiingia na kutoka, nzito, kama upepo chini ya mlango. Hakusikia kingine. Kwa miaka miwili alikuwa amejiambia kwamba wodi imezidi makelele na kwamba vijana wa siku hizi wanatafuna maneno.

"Hakuna kitu."

"Mwalimu, ukishuka kidogo, upande wa—"

"Sikio halipiti kichwa, binti." Wenzake wakacheka kwa nguvu, na safari hii kicheko kilimlenga Kimya peke yake. "Umesoma kitabu jana, leo unakisikia kifuani mwa mtu. Andika: kifua safi, dripu iendelee. Na saini utie wewe, ili siku nyingine ukumbuke."

Kimya aliandika. Mpishi alikuwa anafunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mimi ni mzima, daktari?" aliuliza.

"Kesho kutwa unakwenda nyumbani," alijibu Bibi Sikio, kwa kuwa safari hii alikuwa anamtazama midomo.

Siku ya pili, ilipofika saa nne asubuhi, kitanda namba kumi na moja kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Nesi wa zamu alisema mama wa watu alikufa kama mtu anayezama mtoni, naye yuko nchi kavu.

Bibi Sikio alikaa katika nyumba ya chuo, vyumba vitatu na baraza, pamoja na mumewe na binti yao. Mume alikuwa mpima ardhi mstaafu aliyeharibika magoti. Binti alikuwa amerudi nyumbani na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda. Barua ya kamati iliyoundwa kuchunguza kifo cha mpishi ililetwa na tarishi siku ya Jumatatu. Mume aliisoma mara mbili, akaiweka mezani, akaifunika kwa mkono.

"Wanauliza habari za mwanafunzi," alisema. "Wewe unaitwa shahidi tu."

"Ndivyo walivyoandika."

"Na Mkuu wa Idara alipita asubuhi, ulikuwa bafuni. Anakuheshimu sana yule, anasema wewe ndiwe uliyemfanya awe mtu. Anasema usiwe na wasiwasi, saini iliyomo kwenye faili si yako. Mume wa marehemu anataka mtu wa kumshika shati, basi huyo mtu yupo."

"Mtoto wa watu."

"Kijana huyo. Atarudia mwaka, ataolewa, atasahau." Mume alijaribu kucheka. "Mimi nimepima mashamba miaka thelathini. Unafikiri mipaka yote niliyoweka imenyooka?"

"Mashamba hayafi, baba watoto."

Binti yao alitoka jikoni ameshika birika kwa kitambaa, uso umemjaa mvuke. "Mama, birika linapiga filimbi tangu lini, nawe umekaa hapo mlangoni?"

Mume alikuwa amelisikia, akadhani binti atalitoa. Bibi Sikio alikuwa amekaa hatua mbili kutoka jikoni.

Aliinuka, akaenda bafuni, akafunga mlango. Mbele ya kioo alifungua kilemba. Akachukua nywele chache za mvi kando ya sikio la kulia, akazisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyowaonyesha wanafunzi kila mwaka. Aliona vidole vikienda na kurudi, akazihisi nywele zikikwaruza ngozi. Sauti haikuja. Akahamia kushoto, akazisugua hadi zikakatika. Hapo aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kilemba magotini, na uso wa mpishi uliogeukia dirishani ukamjia, midomo yake ikisema maneno asiyoyajua.

Alipotoka, binti alikuwa bado amesimama pale pale.

"Tangu lini unajua?" Bibi Sikio alimuuliza.

"Mwaka wa pili huu."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa naishi kwako, mama. Mimi na watoto. Mtu anayekula kwako atakwambiaje kwamba kazi inayomlisha umeshindwa kuifanya?" Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kile kitambaa cha birika. "Nilihesabu miezi, basi. Nilisema, ikifika huko, tutakuwa tumepona."

"Miezi saba," mume alidakia. "Miezi saba tu, mke wangu! Ukifungua mdomo, nyumba hii wanaichukua. Mafao watayakalia. Tutampeleka wapi huyu na watoto wake? Yule aliyekufa amekufa. Maji yakimwagika hayazoleki."

Bibi Sikio aliyatazama maneno yakitoka midomoni mwa mumewe, na kwa mara ya kwanza akakiri moyoni kwamba alikuwa akiyatazama.

"Rudia hilo la mwisho," alisema. "Sikulipata."

Mume hakurudia. Alichukua fimbo yake akatoka barazani.

Kamati ilikaa Alhamisi katika chumba chenye meza ndefu na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Walikuwa watu watano. Katikati alikaa Mkuu wa Idara, mwenye suti ya kijivu, ambaye miaka kumi na minane nyuma aliwahi kufukuzwa wodini na Bibi Sikio kwa kumgusa mgonjwa kwa mikono ya baridi. Kimya aliwekewa kiti peke yake upande wa pili. Alikuwa amevaa koti jeupe lililopigwa pasi kwa bidii, viatu vya kuazima vikimpwaya.

"Maneno haya ni mwandiko wako?" Mkuu alimuuliza.

"Ni wangu."

"'Kifua safi. Dripu iendelee.' Na saini?"

"Ni yangu."

"Ulisikia nini kifuani mwa marehemu?"

Kimya alimwangalia mwalimu wake, kisha akainamia viatu. "Niliandika kifua safi."

"Hujaulizwa uliandika nini," mjumbe mmoja alisema.

"Ndicho nilichoandika."

Bibi Sikio alikuwa amekaa pembeni, akisikia vipande vipande, neno hapa, neno pale, kama mtu anayesoma gazeti lililoliwa na panya. Lakini mabega ya yule binti aliyaelewa. Aliwahi kuyaona kwa wagonjwa wanaoficha maumivu ili wasimuudhi daktari. Akasimama.

"Nataka nipimwe."

"Mwalimu, tafadhali," Mkuu alisema, "zamu yako ya kuzungumza inakuja."

"Sijaomba kuzungumza. Nimeomba kupimwa. Inuka uje hapa nyuma yangu."

Mkuu aliwatazama wenzake. Mmoja alitabasamu, akidhani ni mzaha wa kizee.

"Nilikufundisha mwaka wako wa tatu," aliendelea Bibi Sikio. "Simama nyuma ya mgonjwa, urefu wa mkono mmoja, asikuone midomo. Azibe sikio moja, mnong'oneze tarakimu mbili na herufi moja. Akishindwa, mrudie. Njoo."

Alikiburuta kiti hadi katikati ya chumba, akakaa ameipa kamati uso, akaziba sikio la kushoto kwa kidole. Mkuu alikuja taratibu. Alisimama nyuma yake, akainama, akanong'ona. Watu wa mezani walisikia wazi: saba, mbili, herufi ya K. Bibi Sikio alikuwa ametulia, macho mbele, kama mtu anayengoja basi. Mkuu akanong'ona tena: tisa, nne, M. Akatazama wenzake, akanong'ona mara ya tatu, na safari hii sauti yake ilitetemeka hata ikakaribia kuwa sauti ya kawaida.

Mjumbe aliyekuwa anatabasamu aliacha.

"Haya," alisema Bibi Sikio. "Mbona huanzi?"

Mkuu wa Idara alifunika macho kwa kiganja, akabaki amesimama nyuma ya kile kiti.

Ndipo Bibi Sikio akageuka, akauona uso wa Mkuu, akajua. "Huyu binti alisikia mikwaruzo," aliwaambia. "Aliniambia mbele ya wenzake sita, waiteni mmoja mmoja. Akaniambia na dripu isimamishwe. Mimi ndiye niliyesema kifua safi, nikamlazimisha aandike. Na kabla ya hapo yule mama aliniambia jambo, sikulisikia, nikamjibu 'vizuri'." Akamgeukia Kimya. "Aliniambia nini?"

Kimya alinyanyua uso. "Alisema hawezi kulala chali. Alikesha ameketi."

Kila daktari chumbani alijua maana yake, kwamba maji yalikuwa tayari mapafuni. Hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu angejua. Bibi Sikio alishika ukingo wa kiti. "Ahsante," alisema, akaketi.

Uamuzi ulitolewa jioni ile ile. Yeye aliachishwa kazi siku hiyo, nyumba airudishe mwisho wa mwezi, mafao yangoje uchunguzi kukamilika, na haikuandikwa utakamilika lini. Kimya hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo na kuambiwa arudie muhula wa wodi, kwa sababu aliweka saini yake chini ya jambo asiloliamini.

Walikutana kwenye korido, kando ya ngazi. Bibi Sikio alianza kusema kwamba ataiandikia kamati, ataipinga ile barua. Kimya alimsikiliza hadi mwisho, mikono nyuma.

"Mwalimu, niulize?"

"Uliza. Nitazame usoni uulize."

"Siku ile ningekataa kuandika, ungenifanya nini?"

Bibi Sikio alifikiri. Angeweza kudanganya. "Ningekufukuza wodini. Na ningewaambia wenzako wakucheke."

"Basi nilijua sawa," alisema Kimya. Akamwamkia kwa heshima, akashuka ngazi, viatu vikipiga visigino. Hakushukuru, wala Bibi Sikio hakungojea shukrani.

Nyumbani siku zilizofuata zilikuwa za maboksi. Majirani, walimu wenzake wa chuo, walipita barazani wakisalimu haraka kama watu waliochelewa mahali. Mmoja alikuja kuulizia kama kabati la sahani linauzwa. Mume hakusema na mkewe siku tatu. Siku ya nne alimkuta anahangaika kufunga kamba kwenye boksi la vitabu, akamnyang'anya kamba.

"Hujui kufunga mafundo," alisema, akipaza sauti na kutamka kila neno, midomo wazi. "Miaka thelathini na mitano nakutazama. Hujui."

Akafunga mafundo mawili, akavuta kamba kwa hasira, kisha akabaki ameegemea boksi. "Kuna chumba kwa dada yangu. Kimoja. Nimemwomba. Amenisimanga kwanza, kisha akakubali."

"Pole, baba watoto."

"Nyamaza. Shika hapa."

Jumamosi ya juma lililofuata Bibi Sikio alimwambia mumewe kwamba anakwenda kwa mfiwa, mume wa yule mpishi. Hospitali ilikuwa imempelekea mfiwa barua ya mistari minne: marehemu alifariki kwa tatizo la moyo lililojitokeza ghafla, uongozi unatoa pole. Mume alisema atapigwa. Kisha akasema mtu hapeleki kichwa chake kwa kinyozi asiyemwita. Mwisho akachukua fimbo, wakaenda wote, polepole kwa ajili ya magoti. Mwanzoni mwa mtaa wa mafundi aliketi kwenye benchi la duka la vipuri.

"Mimi nakungoja hapa. Ukichelewa, nakuja."

Mfiwa alikuwa mchomeleaji. Karakana yake ilikuwa uwazi wenye paa la bati, mageti ambayo hayajakamilika yameegemezwa ukutani, na kutoka pande zote mbili mafundi wengine walikuwa wanakata na kugonga chuma. Alikuwa amechuchumaa juu ya fremu ya dirisha. Alipoona miguu ya mtu mbele yake alizima mashine, akapandisha miwani myeusi kipajini. Alikuwa na macho mekundu, ya moshi au ya mengine.

"Karibu, mama. Geti au dirisha?"

"Mimi ndiye daktari wa wodi aliyofia mkeo," alisema Bibi Sikio.

"Eh?"

Alirudia. Mchomeleaji alitikisa kichwa, akagusa sikio lake. "Sema kwa nguvu, mama. Hivi vyuma vimenimaliza. La kushoto limekufa, la kulia linachechemea."

Bibi Sikio alitazama huku na huku. Karakana ya jirani ilikuwa na watu wanne. Ng'ambo ya barabara, wanawake waliokuwa wakinunua misumari walikuwa wamegeuka. Alikuwa amejiandaa usiku na mchana kuyasema maneno yale kwa sauti ya chini, ameketi, ikibidi amepiga magoti. Hakujiandaa kupiga kelele.

"Mimi ndiye daktari wa mkeo!" alipaza sauti. "Nilikosea! Maji ya dripu yalimjaa mapafuni! Mwanafunzi wangu alisikia, akaniambia! Mimi sikusikia! Nikasema yaendelee!"

Nyundo ya jirani ilisimama. Kisha ya pili. Mtaa wote ukawa kimya kiasi kwamba wanawake wa misumari walisikia kila neno. Mchomeleaji alibaki amechuchumaa.

"Barua inasema moyo," alisema.

"Moyo ulikuwepo! Lakini angeishi! Kama ningemsikiliza, angeishi!"

Aliinuka. Alikuwa mrefu kuliko Bibi Sikio alivyodhania. Mkononi bado ameshika fimbo ya kuchomelea, ncha yake ikitoa moshi, na mtu wa karakana ya jirani alipiga hatua mbili kuja kama atakayezuia jambo. Lakini mchomeleaji aliigeuza ile fimbo, akaitazama, akaiweka chini taratibu.

"Jioni yake ya mwisho nilikwenda kumtazama, sikuruhusiwa kupita," alisema. "Mlinzi alisema saa imekwisha. Nilikuwa na chakula. Nikasema basi, nitamwona kesho." Alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Alisema nini? Siku ile. Alisema nini?"

"Alisema hawezi kulala chali! Alikesha ameketi!"

"Na kingine?"

Bibi Sikio alifungua mdomo. Alitafuta. Alikumbuka vifungo vya blauzi, alikumbuka uso ukigeukia dirishani, na mkono mnene, wa moto kidogo, ndani ya mkono wake. "Aliniuliza kama ni mzima! Hilo nililisikia! Mengine sijui!"

"Hujui."

"Sikumsikia!"

"Huyo mwanafunzi alimsikia?"

"Alimsikia."

Safari hii hakupaza sauti, lakini mchomeleaji alimwelewa kwa midomo. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu kama anayekubaliana na mtu mwingine.

"Basi mlete huyo," alisema. "Si wewe. Huyo. Aje akae hapa aniambie yote, hata kama ni habari ya uji kuwa wa baridi. Mlete kesho."

Akashusha miwani, akachuchumaa, akawasha mashine. Cheche zikaruka. Nyundo za majirani zikaanza tena, moja baada ya nyingine. Bibi Sikio alisimama kidogo, kisha akarudi njia ile ile, wanawake wa misumari wakimpisha bila kumtazama.

Mume alikuwa ameshainuka kwenye benchi. Alimsubiri afike karibu, aone midomo.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amesemaje?"

"Anamtaka binti."

"Na wewe?"

"Mimi hana haja nami," alisema Bibi Sikio, akamshika mumewe kiwiko, wakaanza kwenda kutafuta anapoishi Kimya.